Kisahani cha Tisa

Mama alinitumia mchunga kwa basi la Newala,
umefungwa kwenye kipande cha khanga kisicho pindo,
na ujumbe kwenye simu: "Upike, usiunguze. Usitie sukari."
Kana kwamba yupo duniani atiaye mchunga sukari.

Nusu niliila kwa ugali wa muhogo.
Nusu niliipeleka kazini, Shangani,
nikaikausha, nikaisaga, nikailoweka kwenye spiriti
mpaka kijani kikatoka chote
na majani yakabaki meupe, maiti ya mboga.

Ndani ya kabati la joto
zimelala seli za utumbo mpana wa mtu nisiyemjua.
Alikufa lini? Ijumaa alikuwa anakula nini?
Seli zake hazina habari kwamba mwenyewe hayupo.
Zinagawanyika, moja mbili, mbili nne,
mbiombio, kama watu waliosikia korosho imepanda bei.

Nikadondosha uchungu wa Kitangari.
Kisahani cha kwanza sikukipa kitu, ni cha kulinganishia.
Cha pili tone jepesi.
Nikazidisha, nikazidisha, hadi cha tisa.

Siku ya tatu nikainamia hadubini.
Cha kwanza: zimesongamana, hapana pa kutia sindano.
Cha tisa: zimejikunyata, zimekuwa viduara,
zinabanduka moja moja na kuelea,
kama zimekumbuka ghafla
kwamba kila kilicho hai kina zamu ya kuondoka.

Nilipiga ukelele.
Nampunju wa usafi akaja mbio na ufagio, akidhani nyoka.

Jioni nikampigia, mtandao ukikatikakatika.
"Mama, ule mchunga wako..."
"Umeungua?"
"Hapana. Umezizuia. Zile seli. Kwenye kisahani."
Kimya. Nikasikia mchi wa jirani ukitwanga.
Kisha, taratibu, kama aulizaye bei ya kitu:
"Basi nisiende Dar kukatwa?"

Hapo ndipo nilipouona umbali
kati ya kisahani na tumbo.
Kisahani hakina ini la kuchuja,
hakina damu ya kuzungusha, hakina usiku wa kuogopa.
Kuufikia ukali wa kile cha tisa
angemaliza mchunga wa Kitangari nzima
na bado usingefika unakotakiwa.
Hata jiki huua seli kwenye kisahani.

"Nenda, Mama. Kata tiketi ya Alhamisi."
"Na mchunga?"
"Kula. Kula na mbaazi, na kunde, na ming'oko ukiipata.
Lakini nenda."
"Kusoma kote huko,
jibu lako ni lilelile la daktari."
"Ni lilelile."
Akakata simu, au mtandao ulikata. Sijamuuliza.

Kwenye daftari la maabara nimeandika:
*Kisahani cha tisa, ukuaji umepungua. Jaribio lirudiwe mara tatu.*
Sikuandika kwamba kwapani nilikuwa nimeloa,
wala kwamba kiti chake ni namba kumi na nne,
dirishani.