Maelezo Mengineyo

Jedwali limeshuka kutoka mkoani, lina safu sita:
jina, aina ya biashara, mwaka wa kufungua,
mtaji, hali ya sasa,
na ile ya mwisho, nyembamba kama upenyo wa mlango mbovu:
maelezo mengineyo.
Najaza kwa kalamu. Umeme umekatika tangu saa nne.
Nje upepo wa Makambako unayavuta mabati
kana kwamba nayo yamekata tiketi ya Songea.

Mji wetu ni wa kupitwa. Nasema bila kinyongo.
Malori yanawahi Tunduma.
Basi linatema abiria dakika kumi, choo na mahindi ya kuchoma,
linawameza tena, hao.
Treni hupiga honi usiku kama mtu anayeiaga
nyumba ambayo hakuingia.
Tukajenga lango njia panda, chuma kitupu:
KARIBU WAWEKEZAJI.
Mwezi wa nane upepo ukaling'oa neno la kwanza.
Wawekezaji wakabaki juu kule peke yao,
hawajakaribishwa na mtu.

Namba tisa. Tweve, kinu cha alizeti.
Hali ya sasa: kimefungwa.
Mwezi mmoja alitembelewa na watu watano wenye vitabu vya stakabadhi:
wa zimamoto, wa vipimo, wa afya, wa mazingira.
Wa tano nilikuwa mimi.
Hakugomba. Alitununulia soda, kila mtu kwa siku yake,
kisha alfajiri moja akakipakia kinu kwenye Fuso.
Mashudu yaliyomwagika getini
kuku wa mtaa waliyala wiki nzima.

Namba kumi na nne. Twilumba Mligo,
masweta ya shule, mashine mbili za kufumia,
moja ina mapengo.
Binamu yake alimwita Kariakoo: njoo, huku kuna watu.
Akamjibu: watu wapo, baridi iko wapi?
Lakini yalipokuja masweta ya kontena, nusu bei,
nilimkuta anashindilia nyuzi kwenye gunia,
haraka, kama anayefunga kidonda.

Tena mwaka ule mvua ilikuwa imeuchimba mtaro,
mteja akitaka kuingia kwake sharti aruke.
Wajawazito hawaruki. Wazee hawaruki.
Niliandika barua tatu kwa mhandisi;
ikajibiwa moja: imepokelewa.
Basi Ng'umbi mchomeleaji akaleta nondo zilizobaki kwenye geti la mtu,
mimi nikaleta saruji, mifuko miwili (usiniulize),
tukamwaga zege Jumapili baada ya ibada.
Hakudai pesa. Alidai masweta matatu ya wanawe,
na anayadai hadi leo, kwa kuwa wanakua.

Muhula uliofuata sweta la kontena lilifuliwa mara moja
likapanda hadi kitovuni.
Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Kihongosi
alimsimamisha mtoto mbele, hakusema neno.
Tumbo lilisema.
Shule nne zikarudi kwa Twilumba, zikivuka kwa miguu,
bila kuruka.

Nasikia kuna miji inayosamehe kodi miaka kumi,
inayogawa viwanja kwa wageni wenye tai.
Sijui. Sisi tulikuwa na kitovu cha mtoto
na daraja la futi nne kwa sita.

Mkoani wanataka neno moja, lienee kwenye kisanduku.
Nimejaribu "miundombinu". Nikafuta.
Nimejaribu "mshikamano", nikaona haya.
Tweve nilimwandikia "amehama", na kalamu ikasimama pale muda mrefu
hadi karatasi ikanywa wino.

Jumatatu naenda Mbeya mafunzoni,
na Twilumba ameniagiza.
Basi nimeandika hapa, kwa herufi ndogo, nisije nikasahau:
sindano za mashine, kumi na mbili,
zile zenye kisigino kirefu.