Asilimia Tano

Mwaka wa sita huu nasaini daftari la mlinzi saa mbili kasoro,
navaa shingoni kadi yenye picha yangu
na neno MSHAURI.
Ushauri hakuna aliyewahi kuniomba.
Nachora ngazi, vyoo, mikondo ya maji taka
ya maghorofa ya Mbezi nisiyoyalala,
na saa kumi na moja nazima kompyuta yao.

Mkataba wangu una miezi mitatu.
Ukifa unazaliwa mwingine, sura ileile,
kopi ya kopi, hata muhuri umeanza kupauka.

Wenzangu wa meza ya dirishani
wao ni Lipa Kadri Upatavyo.
Mimi ni pata kadri wapendavyo:
tarehe tano, tarehe kumi na tisa,
mara moja, Idi ilipokwisha kupita.

Na yakija yamemegwa. Asilimia tano, kodi ya zuio.
Sikununa. Ndeshukurwa wa uhasibu alinipa vocha,
nikazitia kwenye kopo la biskuti
juu ya kabati, mbali na panya wa Sinza.

Kiswahili nacho!
Ya nyumba kodi, ya serikali kodi.
Baba Tumsifu akigonga mlango, "Zamoyoni, kodi!"
natoka na bahasha mkono mmoja
na namba ya mlipakodi mkono wa pili.

Machi, shule moja ya Kigamboni ikataka ramani,
madarasa manne, kazi yangu mwenyewe, jina langu chini kulia.
Wakataka na hati safi ya kodi.

Kaunta namba nne. Kijana akaandika namba yangu,
akaifuta, akaiandika tena polepole.
"Dada, hapa peupe.
Miaka sita, hata senti."

Nikafungua kopo.
Harufu ya biskuti za zamani ikajaa dirishani.
Akapekua vocha ya kwanza, ya kumi, ya mwisho,
kidole kikasimama.
"Hapa tatu ikae kabla ya nane.
Wao wameanza na nane. Tangu siku ya kwanza."
"Basi hela ziko wapi?"
"Zipo," akasema. "Kwa mtu."

Mtu huyo tuliitwa naye Jumanne iliyofuata:
Sikudhani Mtulia, fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu,
futi ya kupimia ingali shingoni
pale ninapovaa kadi yangu.
"Mimi nilijua ni Mungu," akasema.
"Kila mwaka naleta vijisenti vya sare za shule,
wananirudisha: mama, wewe ndiye unatudai."

Tukacheka mpaka mlinzi akatukoholea.
Kisha akauona upindo wa sketi yangu, umefumuka,
akachomoa sindano kwenye kola yake,
akapiga goti pale pale kwenye foleni.
"Tulia. Hii ni ya mwaka wa kwanza."

Yake yalikwisha kwa saini moja.
Yangu yanataka barua ya kampuni.
Mkurugenzi ameipiga chenga wiki tatu sasa:
ana mgeni, ana kikao, yuko Dodoma.
Namwelewa. Kurekebisha tarakimu mbili
lazima aandike malipo yote, mwezi kwa mwezi, sabini na moja,
na atakayeisoma atauliza
ni mshauri gani huyu asiyekosa hata siku moja.

Kigamboni wamempa mwingine.

Jana usiku nimejaza ritani.
Mapato, nimeandika. Zuio, nimeandika, na vocha nimeambatisha.
Nikafika kwenye kisanduku cha *Jina la mwajiri*.
Umeme ukakatika, ukarudi, nikiwa bado pale.
Nikachukua kalamu ya wino, ile ya kuta za nje,
nikapiga mstari mmoja, ukuta hadi ukuta,
bila rula,
na haukupinda.