Viungo

Kwa Kiswahili chetu neno ni moja.
Iliki ni kiungo. Goti ni kiungo.
Na ile mistari ya buluu inayobonyezwa kwenye simu
Adero naye aliiita viungo,
nikadhani amekuja kununua.

Mimi ni Zaituni Makokha, wa Mumias.
Nauza bizari nzima, mdalasini, pilipili manga,
soko la Jubilee, Kisumu, mlango wa nyuma,
mwaka wa kumi na mmoja sasa.
Kila pakiti naibandika stika ya duara,
na ndani ya duara, mraba wa madoa meusi:
elekeza simu hapo, utanipata.

Zamani ulinipata kwa watu.
Ukurasa wa bure, kampuni sijui ya wapi,
jina langu limejibanza nyuma ya jina lao
kama mtoto aliyefuatana na mama kwenye ndoa ya pili.
Humo nilipanga milango yangu yote:
wa picha, wa video, wa WhatsApp,
wa lile kundi la Facebook
ambamo wanawake wa Kericho hugombana kuhusu tangawizi.
Bure ni tamu. Sikuuliza.

Kwanza wakaondoa rangi niliyochagua.
Ukitaka manjano, lipia.
Kisha chini ya iliki yangu likachipuka tangazo la kamari,
mpira unazunguka, weka hamsini uvune milioni.
Imamu wetu alinunua pakiti mbili, akaelekeza simu,
akaniinulia macho, akaondoka bila chenji.
Halafu Jumanne moja, hodi hakuna, salamu hakuna:
akaunti hii imesimamishwa.
Kosa gani? Ajuaye ni mashine.
Niliwaandikia barua pepe tatu.
Ya tatu niliiandika kwa Kiwanga.

Na stika elfu mbili zimeshanitoka mkononi!
Ziko kabatini Ahero, ziko Luanda,
moja iko Butere, kwenye kopo la marehemu
ambalo wanawe hawajathubutu kulitupa,
na zote zinaelekeza mahali pasipo mtu.
Bibi alisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Mtandao hakuuona. Maungo aliyajua.

Adero alikuja na kompyuta yake saa za kufunga,
akakaa juu ya gunia la bizari
(mpaka leo akiingia darasani Maseno
wenzake husikia njaa).
Tukanunua jina. Jina langu,
nukta, na Kenya iliyofupishwa kwa herufi mbili.
Elfu moja na kitu kwa mwaka,
chini ya ninachowapa kanju kwa mwezi.
Akaandika mistari saba, nyuma yake manjano.
Hakuna mpira unaozunguka.
Hakuna anayehesabu nani kabonyeza nini.
"Ni hiyo tu?"
"Ni hiyo tu."
Niliona haya kidogo,
kama aliyechangia arusi akaletewa chai ya rangi.

Mwezi uliopita mlango wa video ukafungwa, sijui kwa nini.
Nilifuta mstari mmoja, nikaandika mwingine,
kwa mkono wangu, mikono ikinuka karafuu.
Kabati za Ahero hazikujua lolote.

Sisemi nimehamia peponi.
Jumamosi moja ya mvua seva ililala toka adhuhuri,
nikakasirika, na hasira yenyewe ilikuwa mpya:
nilijua wa kumpigia.
Akapokea. Alikuwa anakula.

Kwenye kalenda ukutani nimeandika, tarehe tisa Agosti, lipia jina,
chini ya karo ya Rehema, juu ya deni la mdalasini.
Stika za zamani zimebaki mia tatu na ushee.
Sizitupi. Nabandika mpya juu yake,
moja moja, jioni, nikikandamiza kwa gumba
mpaka kiungo kinauma.