Kodi ya Kalamu

Chumba changu Igogo ni elfu sitini kwa mwezi,
na mwenye nyumba, Mama Ng'wanzalima, hugonga mlango kwa ufunguo,
huniuliza kwanza kama nimekula.
Hii nyingine haigongi.
Tarehe kumi na nne, usiku, inakata.
Dola hamsini na tano; nikizigeuza, laki na arobaini na tatu elfu,
kodi ya kalamu nisiyoweza kuishika,
ya rangi zisizochafua kidole.

Nimepiga hesabu nyuma ya kadi ya harusi iliyokosewa
(bwana harusi tulimwandika Masunya, kumbe ni Masunga):
kadi za mchango mia, elfu hamsini;
lebo za dagaa wa Mwaloni, thelathini, na kisado cha dagaa juu yake;
bango la saluni ya Mabatini, bado ananizungusha.
Toa luku. Toa bando. Toa wino wa printa,
ule mwekundu unaowahi kuisha
kama sukari kwenye nyumba yenye wageni.
Kinachobaki nakitazama, nacho kinanitazama.

Mama alinunua cherehani mara moja.
Mwaka huo pamba ililipa. Alitoka Magu na fedha kwenye pindo la kitenge,
akarudi juu ya lori, ameikumbatia.
Hadi leo inashona. Haijawahi kumuuliza leo tarehe ngapi.
Nilipomweleza kwamba changu ni chombo cha kukodi
aliuweka uzi mdomoni, akafikiri, kisha:
"Kwa hiyo ukikosa mwezi mmoja, na mkono wanauchukua?"

Njia nyingine zipo, najua.
Kulwijila wa duka la jirani alinipa ya magendo kwenye flashi.
Ilikaa wiki mbili, ikaondoka na mafaili ya shule nzima ya Nyakato,
nembo, beji, ratiba ya mahafali.
Niliyachora upya yote, kwa bei ileile.

Na ipo ya bure, ya halali,
imetengenezwa na watu wasionijua wala kunidai.
Naijaribu Jumapili. Vidole vinatafuta mkasi mahali ulipozoea kukaa,
kama mtu aliyehamia juzi anavyopapasa swichi gizani.
Ina kila kitu. Ila bluu yangu ya ziwa,
ile ya saa nne asubuhi ukiwa juu Bugando,
kwenye karatasi inatoka zambarau,
na mteja wangu wa boti hataki abiria wake waelee juu ya zambarau.

Mwezi wa sita nilichelewa siku mbili kulipa.
Usiku huo wakaja ndugu wa Bibi Nyanjige:
ratiba ya mazishi, nakala mia mbili,
meli ya Nansio inang'oa saa tatu asubuhi.
Nikafungua faili. Likajibu: lipa ili uendelee.
Picha yake ilikuwa mle ndani, shungi la kijani,
tabasamu nililolisafisha mwenyewe, doa kwa doa.
Niliona haya kuwaambia wafiwa
kwamba marehemu anadaiwa.

Nikaanza upya, kwenye ile ya bure.
Herufi zilisogea, mistari ikagoma, nikaipanga kama anayepanga vyombo vya watu.
Saa kumi na moja printa ilikuwa ya moto.
Shungi halikuwa kijani kilekile.
Mjukuu aliishika karatasi muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga wa taa.
"Ndiye," akasema.
Akahesabu pesa.

Tarehe kumi na nne inakuja. Sijafuta, sijalipa.
Wateja wakubwa wanaleta mafaili ya kule, yanataka kufunguliwa kulekule,
na kiburi hakilipi kodi ya Mama Ng'wanzalima.
Lakini jana, baada ya karatasi kumi na tatu za kutupa,
nimeipata bluu.
Ilikuwa nyekundu tu, imezidi sehemu nane.
Nimeziandika namba ukutani kwa penseli,
penseli ya shilingi mia mbili.
Ikiisha, imeisha.