Mpini wa Akiba

Gdańsk, Januari. Theluji imeziba nusu ya madirisha
na leo siku ya tisa Halszka Wrona, dereva wa tramu namba sita,
hajavuta hata pumzi moja ya maana.

Ilianza kama mafua tu.
Kikohozi, chai ya limau, aibu ya kuomba ruhusa kazini.
Kufika Ijumaa picha ya kifua chake ilikuwa nyeupe tupu,
mbavu zimebaki kama uzio wa shamba lililofunikwa usiku.
Kipumulio kilisukuma hewa, mapafu yakaigomea,
mazito kama sifongo iliyosahauliwa ndani ya beseni.

Ndipo nikaitwa mimi na mkokoteni wangu.

Kazi yangu haina urembo.
Mpira mnene kama kidole gumba unaingia kinenani,
unatoa damu nyeusi iliyochoka.
Inapita kwenye pampu, kwenye kasha dogo kama kitabu cha sala,
inakutana na oksijeni nyuma ya utando,
inarudi shingoni nyekundu kama uso wa mtoto anayelia.
Lita nne na nusu kila dakika.
Mwili wake mzima unatoka kunitembelea,
unapita mbele ya magoti yangu, unarudi kitandani.

Mashine haiponyi. Nimewaambia wote,
hata Zenon, mumewe, aliyesimama nyuma ya kioo na kofia mkononi.
Mashine inangoja. Inayaambia mapafu:
nyie pumzikeni; kupumua, nitapumua mimi.

Na mashine ni moja.
Kitanda cha nne, mzee Bronisz, fundi saa, hakuulizwa.

Kila saa nalimulika kasha kwa tochi, natafuta mabonge.
Huanzia kwenye pembe, madogo, kama mbegu za pilipili.
Wanasema damu nzito kuliko maji;
ya kwake tumeifanya nyepesi makusudi,
nyepesi hadi fizi zinavuja,
hadi dada yake aliyetoka Łódź akauliza
kama bado inahesabika kuwa ya ukoo.
Hakuna aliyecheka. Kisha sote tukacheka.

Zenon huniletea supu ya bitiruti katika chupa ya chai.
Namshukuru, naiweka chini ya meza.
Sijaweza kumweleza kwa nini siinywi.
Lakini ana macho; ameuona mpira unaorudi.

Usiku wa kumi na moja umeme ulikatika.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Betri ilikuwa kuukuu; nilishaiandikia barua mbili.
Ikabaki taa nyekundu. Kisha hata hiyo, hapana.
Nikachomoa mpini wa akiba ubavuni mwa mkokoteni,
nikauchomeka, nikaanza kuzungusha.

Roho mkononi: watu husema hivyo kwa hofu.
Mimi nilikuwa nayo hasa.
Ina uzito wa mpini wa kinu cha kahawa,
na ukilegea kidogo tu, midomo yake inaingia kijivu.
Nesi Jagna alishika tochi, akahesabu kwa sauti.
Bega la kulia likaungua. Nikahamia la kushoto.
Sikuomba. Niliwaza tramu,
dereva ameshika chuma kituo hadi kituo,
nyuma yake watu wanasinzia, wanasoma simu,
hakuna anayelijua jina lake.

Dakika kumi na tisa.
Mwanga uliporudi vidole vyangu vilikataa kufunguka;
Jagna akavibandua kimoja kimoja.

Sitasema amepona. Naandika siku ya ishirini na sita.
Jana asubuhi tulipunguza mwendo wa pampu, kwa kujaribu,
na kifua chake kikainuka chenyewe:
hewa kidogo, isiyojaza hata gilasi.
Kikashuka. Tukasubiri.
Kikainuka tena.

Nikaifungua chupa ya Zenon. Supu ilikuwa imepoa, tena chachu.
Niliimaliza nimesimama.