Daftari la Madeni

Nimelikuta nyuma ya pipa la maharage,
pembe moja ya jalada imeliwa na panya:
daftari la babu Adelino, aliyekuwa na duka
katika kijiji hiki cha mawe, kaskazini mwa Ureno,
enzi ya eskudo, enzi ya karabai.

Mwandiko wake umeinama
kama watu wanaopanda mlima na upepo usoni.
Mafuta ya zeituni, robo.
Sabuni, nusu mche.
Sadini wa chumvi, watatu, kwa watu saba.
Mshumaa (wamefiwa na mtoto).
Chumvi. Chumvi. Chumvi.

Nje, kwenye benchi, Belmiro anasema alichosema jana:
Zamani ndiko kulikokuwa na maisha.
Hatukufunga milango.
Mkate ulikuwa na ladha ya mkate.
Mtu akichinja nguruwe, kila chungu kilipata kipande.

Nami, mwenye friji na meno yangu yote,
niliyekuja na gari kutoka Porto kuiuza nyumba hii,
ulimi unaniwasha:
milango ya nini, Belmiro?
Mwizi angeiba nini humu, kikohozi?

Badala yake namsomea ukurasa wa mama yake.
Deolinda, mke wa Artur. Viatu vya Belmiro, jozi moja.
Machi, eskudo tano. Aprili, eskudo tano.
Mei, hakuna.
Juni, eskudo mbili na mayai sita.
Miezi kumi na minne inakwenda hivyo,
na mguu wa mtoto, jamani, haujui kusubiri:
ulikua haraka kuliko deni lilivyopungua.

Kimya. Kisha kicheko kinamtoka, kikavu, kama kuni.
"Krismasi ilipofika vilishanibana.
Mama akavikata ncha kwa kisu cha jikoni,
vidole vikachungulia kama vifaranga.
Shule nzima ilinicheka. Tulikuwa arobaini na wawili."
Anaanza kuwahesabu, midomo ikicheza:
Fernanda wa kinuni, mapacha wa Zulmira,
Ilídio, aliyechukuliwa na kifaduro…
Anafika thelathini na tisa, anakwama,
anarudi mwanzo.

Shule ina kufuli sasa. Ndani mna viti na mbayuwayu.
Sikumwuliza Ilídio angesemaje kuhusu zamani.

Saa tano gari la mkate linapiga honi.
Belmiro anagusisha kadi, mashine inalia tii.
Kifuani mwake mna betri ndogo,
aliwekewa na madaktari wa Bragança;
moyo ukisahau, inaukumbusha.
Baba yake hakuwa na wa kumkumbusha.
Alianguka kwenye mizabibu, ana miaka hamsini na mmoja,
wakamleta nyumbani wamemlaza juu ya mlango,
mlango uleule usiofungwa,
waliung'oa kwenye bawaba ili umbebe.

Anamega ncha ya mkate, anakunja uso.
"Onja."
Naonja.
Kweli, hauna ladha.

Tunatafuna hivyo hivyo, jua likihama benchi,
mpaka anauliza, bila kunitazama:
"Lilibaki kiasi gani?"
Namwonyesha. Babu aliupiga ukurasa mstari,
mmoja, mnene, kutoka juu hadi chini,
pasipo neno lolote pembeni.
Eskudo ishirini na nne hazikulipwa kamwe.

Belmiro anapapasa mfuko mmoja, anapapasa wa pili,
anaweka sarafu ya yuro juu ya jina la mama yake,
anashika fimbo, anashika mkate usio na ladha,
anaondoka akilalamikia bei ya kuni.

Kalamu ninayo. Ukurasa una safu mbili:
alichochukua mtu, alichorudisha.
Mnunuzi wa nyumba anakuja saa tisa.
Sarafu ipo pale pale,
sijui niiandike upande gani.