Magurudumu Mawili Hewani

Saa tisa usiku, Duluth, na theluji haina haya,
inaingia mpaka ndani ya soksi.
Mimi nalipwa kwa kichwa: gari moja, dola arobaini.
Hakuna gari, hakuna kitu, rudi kwa mkeo ukinuka dizeli.

Nilikuwa nimeshapachika ndoano chini ya Subaru ya kijivu,
winchi imeanza kulalama,
magurudumu ya mbele yameiaga ardhi,
ndipo mlango wa jengo ukafunguka
akatoka mama mmoja na kandambili,
koti la hospitali juu ya gauni la kulalia,
mkononi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki.

Nikajiandaa kutukanwa. Nimeshatukanwa kwa Kifini,
kwa Kihmong, hata kwa lugha ya ishara;
matusi ni sehemu ya mshahara.
Yeye alivaa miwani.
"Irja Lahtinen, ghorofa ya tatu. Sikiliza kifungu."

Akasoma. Kwenye baridi ile, akasoma na nukta na mkato:
kwamba gari la mtu halikokotwi kimyakimya kama mbuzi wa wizi;
kwamba pawepo kibao, na kibao kisomeke;
kwamba mwenye gari akitokea kabla halijatoka uwanjani
litashushwa;
kwamba kilichomo ndani ni chake, hata akiwa na deni.

"Kwani ndani mna nini?"
"Meno ya baba. Kesho anakula na mjukuu."

Nikasema, mama, kibao kipo.
Akasema, nionyeshe.
Nikamulika tochi. Ukuta. Theluji. Ukuta.
Kisha kichuguu cheupe kimeegemea nguzo,
na juu yake ncha ya bati, nyekundu,
kama ulimi wa mtu anayekucheka.

Sheria naijua. Niliifanyia mtihani, nikapita kwa alama mbili.
Ila saa tisa usiku sheria huwa imelala,
na mwenye winchi ndiye karani, ndiye hakimu, ndiye askari.
Wengine husema mwenye nguvu mpishe.
Bosi wangu Thorvald hana methali, ana kikokotoo.

Nikabonyeza kitufe.
Subaru ikashuka, ikapumua juu ya springi zake
kama punda aliyetuliwa mzigo.
Bi Lahtinen hakunishukuru. Kwa nini anishukuru? Ni gari lake.
Alifungua droo, akatoa kikasha, akakitikisa,
kikalia kwa-kwa-kwa.
Ile karatasi akaikunja, akaitia mfukoni mwangu:
"Chukua. Ninazo nyingine."

Dola arobaini zikayeyuka. Mke wangu sijamwambia.

Alfajiri nilirudi na koleo,
nikakifukua kibao mpaka herufi ya mwisho,
nikakifuta kwa mkono wa koti.
Usidhani ni wema. Au dhani, ukitaka.
Theluji itarudi, nami nina kodi ya nyumba,
na safari ijayo nataka nimvute mtu kihalali.